Matawi ya mwaka jana

Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu, siku tunapopakwa majivu kuianza Kwaresima, huwa natoka nje, nyuma ya sakristia, chumba cha kuandalia misa, na sufuria kuukuu, kiberiti na gunia la matawi makavu. Kazi hii nimeifanya tangu 2012. Mzee aliyenitangulia hakuwa mtu wa maelezo. Mwaka wa kwanza alinisimamisha kando ya moto nitazame. Mwaka wa pili akanikabidhi kiberiti, akaketi.

Matawi yenyewe ni yale ya Dominika ya Matawi iliyopita, yaani Jumapili inayotangulia Pasaka. Watu huenda nayo nyumbani yakiwa mabichi, huyachomeka nyuma ya msalaba ukutani au juu ya mlango, nayo hukaa pale mwaka mzima yakipauka. Wiki mbili tatu kabla ya Kwaresima huyarudisha, wakayaweka kwenye kapu mlangoni mwa kanisa. Misale, kitabu cha sala za misa, ndivyo inavyotaka: majivu yatokane na matawi ya mizeituni au ya miti mingine yaliyobarikiwa mwaka uliotangulia. Desturi hii imekuwapo tangu karne ya 12. Tawi lililopungwa kwa kelele za "Hosana" ndilo linalorudi kwenye paji la uso, jeusi, bila kelele yoyote.

Moto wa matawi makavu hauna subira. Unashika mara moja, unapanda kwa mlio kama wa karatasi inayochanwa, na kabla hujarudi nyuma hatua mbili umekwisha. Sufuriani hubaki vipande vyeusi vilivyojikunja na vijiti vilivyogoma kuungua. Vijiti navitoa, navichoma tena. Kilichobaki nakiponda kwa mchi, nakichekecha kwa kitambaa chepesi mara mbili, mara tatu, hadi kiwe unga laini usiokwaruza kidole. Gunia zima halijazi kikombe. Mwaka ule wa kwanza nilifikiri tumemwaga sehemu fulani, nikawa natazama chini kuzunguka sufuria. Mzee akasema, "Ndiyo hayo hayo. Yanatosha watu wote."

Kwa yeyote atakayewahi kushika kazi hii: usiyaloweshe majivu kwa maji ukayaacha. Maji ya majivu ni makali, huchubua ngozi, na wapo watu waliorudi nyumbani na kovu lenye umbo la msalaba kwa sababu ya msakristia asiyejua. Matone machache ya mafuta yanatosha, au uyaache makavu kabisa. Kule Roma huyanyunyiza utosini, na zamani desturi hiyo ndiyo iliyotumika zaidi kuliko kuchora msalaba kwenye paji.

Nikishamaliza nanawa mikono, lakini weusi hubaki kwenye mistari ya viganja mpaka Alhamisi.

Nimeanza na moto kwa sababu ndipo ninapoanzia mimi. Wengi wakiulizwa Kwaresima ni nini hujibu kwa kutaja walichoacha: sukari, pombe, nyama, simu usiku. Mwenzangu wa kazini, aliyelelewa katika kanisa la kipentekoste, huniuliza kila mwaka ni wapi Biblia imeagiza siku arobaini za kufunga kabla ya Pasaka. Namjibu kweli: haijaagiza. Imeeleza tu kwamba Bwana wetu alikaa jangwani siku arobaini akajaribiwa, kama Musa alivyokaa mlimani na Eliya alivyotembea hadi Horebu, na Kanisa likatamani kutembea naye. Mwaka 1522 huko Zurich, mchapishaji mmoja aitwaye Christoph Froschauer aliwapa wafanyakazi wake soseji wakati wa Kwaresima, nyama ikiwa imekatazwa na sheria, na Huldrych Zwingli, mhubiri wa mji aliyekuwapo mezani, akapanda mimbarini kutetea uhuru wa Mkristo katika chakula. Mwenzangu alifurahi sana niliposimulia. Nami sioni ubaya kumpa hoja hiyo, maana ni hoja nzuri. Mfungo wa kulazimishwa na askari wa mji hauna ladha ya jangwani.

Neno Kwaresima limetoka kwenye Kilatini, Quadragesima, yaani ya arobaini. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, unazitaja siku hizo arobaini kama kitu ambacho watu tayari wanakifahamu. Kwa karne za mwanzo zilikuwa hasa siku za wakatekumeni, watu waliojiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka, na za wakosefu waliokuwa wakifanya toba hadharani ili wapokewe tena. Majivu yalikuwa ya hao wa pili. Waumini wengine walisimama pembeni wakiwatazama. Kisha, taratibu, waliosimama pembeni wakaanza kuinamisha vichwa nao, na mwaka 1091 sinodi ya Benevento, mkutano wa maaskofu chini ya Papa Urbano wa Pili, ikataka majivu yawe ya wote, mapadre na walei, yaani waumini wa kawaida. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote katika historia ya Kwaresima. Watu walikuwa na njia halali kabisa ya kubaki wasafi, wakaikataa.

Ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46. Toa Dominika sita, zimebaki 40. Dominika hazifungwi, kwa kuwa kila Dominika ni Pasaka ndogo, hata ndani ya Kwaresima. Mama yangu alikuwa mkali juu ya hilo. Dominika alikula vizuri, akavaa vizuri, na aliyekaa mezani kwake amenuna kwa sababu "niko kwenye mfungo" aliambiwa aende akanune Jumatatu.

Mama ndiye aliyenifundisha kufunga, na alinifundisha kwa kopo. Lilikuwa kopo la bati lenye kifuniko alichokitoboa kwa msumari. Chakula alichojinyima alikihesabu: kama asingefunga angetumia kiasi gani? Kiasi hicho kiliingia kwenye kopo siku ile ile, na Alhamisi Kuu kopo lilikwenda kwa mtu mwenye shida. Hakuwahi kutuambia ni nani. Baadaye sana nilisoma hotuba ya Mtakatifu Petro Krisologo, askofu wa Ravenna wa karne ya 5, asemapo kwamba kufunga ni roho ya sala, na huruma ndiyo uhai wa kufunga, na kwamba mtu asivitenganishe hivyo vitatu. Niliposoma nikasikia sarafu ikianguka kwenye bati.

Kwaresima yake ya mwisho ilikuwa ya 2018. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 14 Februari, naye alikuwa kitandani. Sheria ya Kanisa ilikuwa imemwachilia mara mbili: mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu unawabana waliotimiza miaka 18 mpaka waingie mwaka wa 60, naye alishaupita, tena mgonjwa hafungwi na sheria hiyo hata awe kijana. Aliyajua hayo na yakamuumiza. Padre aliyemletea majivu nyumbani alimwambia kwamba kwa mwaka ule mfungo wake ni kumeza uji anaopewa bila kuukataa. Mama akacheka kidogo, akasema huo ni mgumu kuliko ule mwingine. Aliutimiza. Nilikuwa namlisha mimi, kwa kijiko, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukakamaa, havikushika kitu tena.

Naomba msomaji aikumbuke mikono hiyo. Mimi niliisahau.

Dominika ya Matawi mwaka ule ilikuwa tarehe 25 Machi. Nilikuwa sakristia tangu alfajiri. Mdogo wangu wa kiume alisali misa ya kwanza kisha akaenda kukaa na mama. Niliporudi mchana nilikuta msalaba mdogo uliosukwa kwa jani la mtende umetundikwa ukutani juu ya mto wake. Mama alitusukia misalaba kama hiyo tangu tukiwa watoto. Kila Dominika ya Matawi, kabla ya chakula, kila mtoto wa kwake. Nikaona kasuka wa mwisho. Sikuuliza neno. Mama alifariki mwezi Juni.

Siku chache baada ya mazishi, tukiwa tunapanga vitu vyake, mdogo wangu aliniuliza, "Dada, ule msalaba wa matawi uko wapi?"

Nikamwambia, "Sijauona."

Ulikuwa ndani ya Misale yangu. Niliuchukua usiku wa msiba, watu wakiwa wamelala. Nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyemlisha, mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, na hakuna mwingine katika nyumba ile anayejua tawi lililobarikiwa linatunzwaje. Yeye alikuwa hajakanyaga kanisani kwa miaka, ukiacha ile asubuhi moja. Aliuliza mara mbili zaidi mwaka ule, kisha akaacha. Akaacha pia kupiga simu, pole pole, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka usikike.

Kwa hiyo mwaka 2019 nilitoka nyuma ya sakristia na sufuria yangu, nikachoma matawi ya kila mtu. Wangu ulibaki kitabuni. Mwaka 2020 vivyo hivyo.

Mwaka 2021 ulikuwa wa ajabu. Dominika ya Matawi ya 2020 makanisa mengi duniani yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya ugonjwa, na sisi tuliisali kila mtu nyumbani kwake, bila matawi ya kupunga. Kwa hiyo ilipokaribia Kwaresima iliyofuata kapu la mlangoni lilikuwa karibu tupu. Padre akatangaza: mwenye tawi lolote la miaka ya nyuma, hata limechakaa, alilete. Nikaona vitu ambavyo sitavisahau. Bibi mmoja alileta tawi la mume wake, marehemu. Mwingine alileta vipande vilivyofungwa kwa uzi mwekundu, vya mwaka aliobatizwa. Waliyaweka kwenye kapu, wakayagusa mara ya mwisho, wakaondoka. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale nikiyapokea, nikisema asante, huku msalaba uliosukwa ukiwa katikati ya kurasa za kitabu nilichokikumbatia kifuani.

Majivu ya mwaka ule yalikuwa machache kuliko mwaka mwingine wowote. Ilikuja pia barua kutoka Vatikani, ya mwezi Januari, kuelekeza kwamba padre aseme maneno mara moja tu kwa watu wote, anawe mikono, avae barakoa, kisha awanyunyizie majivu vichwani bila kusema kitu. Tarehe 17 Februari watu wakaja kimya, wakainama kimya. Nilikuwa nimeshika bakuli. Padre alipofika kwangu hakusema "kumbuka u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi," kwa kuwa alikwisha kulisema kwa wote. Ukimya ule ulinikaa vibaya. Nilikuwa nimezoea kulipokea neno lile kama salamu.

Bado sikuurudisha. Nilifunga sana mwaka ule, nakumbuka. Nilikula mara moja kwa siku, Njia ya Msalaba sikuikosa Ijumaa hata moja, kopo langu lilijaa. Kitubio nilifanya, nikaungama hasira, uvivu wa sala, maneno mabaya. Msalaba sikuutaja. Kwani ni nini? Jani kavu la mtende. Lisingeuzwa wala kununuliwa.

Masomo ya Jumatano ya Majivu nayajua karibu kwa moyo. Yoeli: "Rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu." Mathayo: ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso. Kila mwaka Injili hiyo inasomwa dakika chache kabla sijashika bakuli la kuwachafulia watu nyuso, na kila mwaka nahisi mgongano huo, nao haujawahi kunichosha. Lakini somo lililonipata halikuwa la Jumatano. Lilikuwa la Ijumaa inayofuata, siku ambayo kanisani huwa na watu wachache. Husomwa Isaya, sura ya 58. Watu wanamlalamikia Mungu: tumefunga, mbona huoni? Naye anawajibu kwa kutaja saumu aliyoichagua: kulegeza kamba za nira, kuwaacha huru walioonewa, kuwagawia wenye njaa chakula. Orodha hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi, nikitikisa kichwa kukubali, nikiwaza kopo la mama. Ina kipande cha mwisho ambacho masikio yangu yalikuwa hayajawahi kukishika. Tarehe 24 Februari 2023 msomaji alikuwa binti mdogo, anasoma taratibu akiogopa kukosea, akafika hapo akatua: "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe."

Nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa sakristia. Misale ilikuwa mapajani.

Sikupiga simu siku ile. Nilipiga Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisiyazungushe: nilikudanganya, niliuchukua mimi, ninao, umekuwa kwangu tangu siku ile. Nikayasoma kama yalivyo. Upande wa pili kukawa kimya, nikafikiri simu imekatika.

Kisha akasema, "Unajua ni mimi niliyeusuka?"

Nikamwambia hapana, mama ndiye. Akasema, "Dada, mikono ya mama ilikuwa inaweza kusuka nini wakati ule?"

Akanieleza. Mama alimwomba asuke yeye, naye hakuwa amewahi kujifunza, kwa sababu tulipokuwa watoto alikuwa anakimbilia nje kucheza. Mama akawa anamwelekeza kwa mdomo: kunja, pitisha chini, vuta, siyo hivyo. Alikosea mara tatu na mara zote tatu alimfanya afumue. Iliwachukua karibu saa nzima. Alipomaliza, mama alisema sasa kila mtoto wake anajua.

Nilimpelekea siku ile ile. Aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza nyuma, akanionyesha mahali ambapo jani limepinda vibaya. "Hapa ndipo palinishinda," akasema. Hakusema amenisamehe. Aliniandalia chai, akanisindikiza hadi nje, na baada ya hapo wiki tatu nzima hakuna simu. Mfungo wangu halisi wa mwaka ule ulikuwa huo, na haukuwa na kopo. Nilimwonea wivu kila Mkristo wa Orthodoksi duniani. Wao hawana Jumatano ya Majivu. Kwaresima yao huanza Jumatatu, na jioni ya Dominika inayotangulia waumini husimama kanisani, kila mmoja akamwinamia mwenzake na kumwomba msamaha, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wawe wameinama na kuinamiwa. Siku ya kusema imewekwa, na siku ya kujibiwa ni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeipitisha siku yangu kwa miaka mitano.

Alipiga tarehe 19 Machi, Dominika ya nne ya Kwaresima, ile ambayo padre anaweza kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau kwa kuwa Pasaka imekaribia. Aliuliza watoto wangu hawajambo. Aliuliza kama bado nachoma yale matawi kila mwaka. Tuliongea mambo ya kawaida mpaka chaji ya simu yangu ikaisha.

Mwaka 2024, Jumanne ya tarehe 13 Februari, nilikuwa nyuma ya sakristia nikimwaga gunia nikaona mtu anakuja kupitia ua. Alikuwa amebeba mfuko wa matawi makavu, ya jirani zake, alisema, waliokuwa hawana nafasi ya kuyaleta. Nilipoyatoa nilitazama moja moja. Msalaba wake haukuwamo. Sikuuliza, na hadi leo sijauliza.

Alisimama upande usio na moshi mpaka moto ukaisha. Nikatoa vijiti, nikavichoma tena. Nilipoinama kuchukua mchi akauliza kama na yeye anaweza kuponda.

Nikampa mchi.